Barua ya wazi kwa vijana mnaoandika rasimu za sheria za walaji

Wanangu,

Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, wengi wenu mnamjua kwa bunduki, kwa kuwa alishuka Mombasa Aprili 1909 kwenda kuwinda, wiki chache baada ya kutoka madarakani. Nawaomba mumsome kwa kalamu yake. Alizaliwa New York 1858, akasumbuliwa na pumu utotoni, akashika urais Septemba 1901 akiwa na miaka 42, rais aliyemtangulia, McKinley, alipouawa. Si mtakatifu: mwaka 1906 aliwafukuza jeshini askari weusi 167 waliokuwa kambini Brownsville, Texas, bila kesi, na hilo lisifichwe. Lakini mwaka huohuo alipitisha sheria ya ukaguzi wa nyama, na hiyo inawahusu ninyi.

Riwaya moja ilikuwa imeanika uchafu wa viwanda vya nyama vya Chicago. Roosevelt akatuma watu wawili, Charles Neill na James Reynolds, wakajionee. Walikuta nyama inazolewa kwa sepetu kutoka kwenye sakafu chafu ya mbao, inasukumwa chumba hadi chumba kwa vitoroli vilivyooza, imejaa vibanzi na makohozi. Taarifa yao akaikalia kwanza, ili wenye viwanda waogope kuanikwa na kuuachia njia muswada wa seneta Albert Beveridge. Seneti ikaupitisha, lakini kamati ya kilimo ya Baraza la Wawakilishi ikaanza kuupunguza makali. Ndipo akaitoa taarifa hiyo hadharani, tarehe 4 Juni. Tarehe 30 alishatia saini.

Hapa tulieni. Kwa sheria hiyo, mnyama hukaguliwa akiwa hai, na mzoga hukaguliwa tena baada ya kuchinjwa. Ulio salama hupigwa muhuri, mbovu huharibiwa mkaguzi akiona. Mkaguzi analipwa na nani? Beveridge alitaka mwenye kiwanda atozwe ada kwa kila mnyama, na kopo liandikwe tarehe. Yote mawili yaliangushwa. Serikali ikabeba gharama, dola milioni 3 kwa mwaka, zilizotengwa kwa kudumu. Fedha ya kudumu ni afadhali kuliko ya kuomba kila bajeti, ila kiasi kisichobadilika hakikui pamoja na idadi ya ng'ombe. Tena nyama iliyochinjwa na kuliwa ndani ya jimbo moja haikuguswa.

Siku hiyohiyo alisaini sheria ya vyakula na dawa. Lebo ya dawa ikalazimika kutaja kiasi cha pombe, afyuni au kokeini iliyomo. Mwaka 1911 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba kilichokatazwa ni kudanganya juu ya vilivyomo, si juu ya ugonjwa unaotibiwa. Bunge likaziba tundu hilo 1912, likaacha jingine: mshtaki athibitishe kwamba muuzaji alikusudia kulaghai. Aliyesema "niliamini inaponya" alikuwa na pa kujifichia. Fungueni rasimu yenu leo. Mkikuta maneno "kwa kukusudia" kwenye kifungu cha lebo, yafuteni.