Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Ardhi wa kaunti yetu: acha mabango yabaki

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote, tunakuandikia kwa sababu askari wamepita tena sokoni wakabandua mabango yetu yenye ramani ya ardhi ya kinamasi inayotakiwa kwa mradi wa mwekezaji, wiki ileile ya mkutano wa wananchi kuhusu mradi huo. Uliahidi barazani kwamba kila mwenye shamba ataiona ramani kabla ya kuulizwa maoni. Ramani ilikuwa kwenye mabango hayo. Ile ya ofisi yako ni karatasi moja ya Kiingereza, na mlango unafungwa saa kumi na moja.

Tunaambiwa ni matangazo ya biashara yasiyo na kibali, tena hayana jina la mchoraji. Biashara ipi, Mheshimiwa? Hatuuzi kitu. Wanafunzi wa Paris nao walichapa mabango yao bila sahihi Mei 1968, kwa fremu iliyowambwa kitambaa cha kupitishia wino, kama sisi.

Ujue basi kilichobanduliwa. Bango lina rangi mbili, kila rangi na fremu yake. Mto na vijiji huchapwa kwanza kwa wino mweusi; karatasi ikikauka kabisa ndipo mpaka mwekundu wa mradi unafuata. Kwenye ramani ya 1:50,000, fremu ya pili ikiteleza milimita 5 tu, mpaka unahama mita 250, na shamba la mtu linaingia au linatoka. Kwa hiyo karatasi hukaa kwenye vizuizi vitatu mezani, viwili upande mrefu na kimoja upande mfupi, na iliyojikunja tunaitupa. Joto la huku nalo hukausha wino wa maji ndani ya kitambaa: ukisitasita, matundu yanaziba na mistari myembamba ya mashamba inapotea.

Gundi ni kikombe kimoja cha unga wa ngano uliokorogwa kwa maji baridi, kisha vikombe vinne vya maji yanayochemka. Ikishakauka, bango halibanduki zima. Askari walikwangua kwa panga. Limebaki jina la mradi na idadi ya hekta, mpaka haupo.

Mwaka 2003 kampuni ya Marekani ilipewa hekta zipatazo 6,900 za kinamasi cha Yala, hapa magharibi mwa Kenya, na malalamiko ya maji na malisho yakadumu miaka. Leo kuna Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Kifungu cha 36 kinasema mkataba na mwekezaji hauna nguvu bila kukubaliwa na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii, kwenye mkutano wenye akidi ya theluthi mbili. Watu watakubali au kukataa vipi mpaka ambao hawajauona?

Hatuombi fedha. Kama tatizo ni jina, tutaandika jina la kikundi. Kama ni muhuri, tuambie dirisha gani. Lakini mabango yabaki hadi mkutano uishe. Tafadhali, Mheshimiwa, yabaki. Jumamosi tunabandika tena. Waagize askari wayaache.

Wachapaji wa mabango, kando ya Ziwa Victoria