Mjomba, kaka kaninyang'anya ufunguo na fundi anataka kushusha difu

Shikamoo Mjomba,

Naandika jogoo wa kwanza ameshawika, na usiku kucha sijapata hata usingizi wa mang'amung'amu. Ni habari ya gari, lakini si ya gari tu, utaona mwenyewe. Kaka kaninyang'anya ufunguo. Mbele ya vijana wa gereji, mbele ya mama anayewauzia chai, mbele ya watu wenye vitunguu vyao waliokuwa wanasubiri kupakia. Alinyoosha mkono akasema, "Lete." Nikampa. Akasema, "Umeua gari la mzee," kisha akageuka kuongea na fundi kama vile mimi sipo.

Gari lenyewe ni mkonga wa zamani, Toyota Land Cruiser HZJ75 pikapu, la mwaka 1994, injini ya 1HZ ambayo mpaka leo ukigusa ufunguo inawaka. Kazi yake ni vitunguu, Mang'ola kuja Karatu, na mara nyingine kushuka mpaka Mto wa Mbu. Ile barabara ya Mang'ola unaijua, vumbi, mawe na makorongo. Mzee alipofariki kadi ikawa kwa kaka na usukani ukabaki kwangu. Sikudai chochote, mkubwa ni mkubwa. Lakini anayelala uvunguni mwa lile gari ni mimi, na anayelipiga grisi ni mimi. Kaka hajui hata difu, lile bonge la gia lililo katikati ya ekseli, inajazwa mafuta kupitia wapi.

Kelele ilianza hivi. Krosi za propela ya nyuma, yaani viungo vya msalaba kwenye ncha mbili za ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu, zilikuwa zimechoka, ukiishika propela kwa mkono unaona inacheza. Mimi ndiye niliyemwambia kaka, kwa hiyo asiseme silitunzi gari. Akaniambia nilipeleke kwa fundi wake. Fundi akashusha propela, akatoa krosi zote mbili, akaweka mpya, akarudisha. Wakati anarudisha sikuwapo, kaka alikuwa amenituma benki. Tukapakia, tukashika lami ya kushuka Mto wa Mbu, na hapo hapo mtetemo ukaanza. Chini ya kilomita 60 kwa saa hakuna kitu. Kuanzia 60 mpaka 80 sakafu inatetemeka, kiti kinatetemeka, na kuna mngurumo unaokuja na kuondoka. Ukizidi hapo unapungua. Tena ukiondoa gari likiwa limesimama, chini panagonga ko! mara moja, halafu basi.

Fundi alisikiliza maelezo akiwa ameegemea mlango. Hakuinama, hakuingia uvunguni. Akasema difu imekwisha, kraunwili na pinioni, yaani gia zake kubwa na ndogo, zimelika, kwa sababu kijana anaweka fowili, magurudumu yote manne yavute, kwenye lami. Ndipo kaka aliponyoosha mkono.

Mjomba, mimi fowili kwenye lami siweki. Najua kwa nini haiwekwi. Gari hili halina difu ya katikati, kwa hiyo ukilifunga fowili mbele na nyuma vinalazimishwa kwenda mwendo mmoja, na kwenye kona magurudumu ya mbele yana njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye mchanga tairi huteleza kidogo, mambo yanakwisha. Kwenye lami kavu haitelezi, chuma ndicho kinachojikaza. Mzee alinifundisha hilo kabla sijapata leseni. Friwili, zile kufuli za katikati ya magurudumu ya mbele zinazoyaunganisha na ekseli, nazifunga makorongoni na kuzifungua kabla ya kufika lami, na vijana ninaobeba nao wanajua kwa sababu nikichoka huwa wanashuka wao kuzifungua. Hakuna aliyewauliza.

Kabla kaka hajaniita gereji nilikuwa nimeshalichunguza mwenyewe. Nilifungua boliti ya kumwagia mafuta ya difu, nikayakinga kwenye beseni safi na kuyaangalia juani. Yalikuwa meusi kidogo, ya kawaida tu. Nikayasugua kati ya vidole, hakuna chenga za chuma. Difu iliyolika meno ingenionyesha vipande, au walau mafuta yangemetameta. Nikapiga jeki gurudumu moja moja nikalitikisa juu na chini, hakuna linalocheza. Nikirudi safari nagusa hab zote nne, pale katikati ya gurudumu, kwa kiganja, joto lake ni moja. Nikiwa lamini nayumbisha usukani kushoto na kulia ili uzito uhame, mngurumo haubadiliki, na beringi ya gurudumu ingebadilisha sauti. Friwili zimefunguliwa, kwa hiyo propela ya mbele imelala, haizunguki.

Halafu kuna kushuka ule mteremko wa Mto wa Mbu. Pinioni ikiwa mbovu, inalia unapokanyaga mafuta na sauti inageuka unapoachia. Hapa nikanyage au niachie, ni ule ule, unafuata mwendo tu. Siku moja nikashusha propela ya nyuma kabisa, nikafunga friwili, nikaweka fowili, nikaliendesha kwa magurudumu ya mbele peke yake kwenye lami iliyonyooka. Kimya! Fundi nilipomweleza akacheka mbele za watu, akasema difu imenyamaza kwa sababu haina mzigo. Nakubali, hilo jibu lina ukweli, kwa kipimo hicho peke yake huwezi kuitoa difu hatiani. Lakini hakuniuliza habari ya mafuta wala ya mteremko. Alicheka, na kaka akamwangalia yeye.

Nilichokiona uvunguni ndicho kilichoninyima usingizi. Yale masikio ya propela yanayoshika krosi, ya mbele na ya nyuma, hayakai sawa. Katika propela ya nyuma ya gari hili yanatakiwa yaelekee upande mmoja. Ukilala chali ukatazama kwa urefu, la mbele limesimama wima na la nyuma limepinda pembeni. Tena kuna alama ya zamani ya rangi nyeupe ambayo mzee aliipaka kwa brashi, nusu yake iko kwenye bomba la propela na nusu kwenye kile kipande kinachoteleza. Zamani ulikuwa mstari mmoja. Sasa nusu moja iko huku na nyingine kule. Maana yake fundi alipoifungua ile sehemu yenye meno aliirudisha imeruka meno kadhaa. Wewe unajua krosi ikizunguka kwenye pembe haizunguki kwa mwendo mmoja, katika kila mzunguko kuna nyakati mbili inaharakisha na nyakati mbili inapoa, na krosi ya upande wa pili ndiyo inayosawazisha. Masikio yasipolingana hakuna kusawazisha, mtetemo wote unaingia kwenye gari. Hiyo ko! ya kuondokea nadhani ni ukavu wa ile sehemu inayoteleza, maana niliifuta kwa kidole kikatoka kikavu. Hajapiga grisi.

Kazi ya kurekebisha hilo ni kufungua boliti za upande mmoja, kuvuta, kuzungusha mpaka alama zikutane, kupiga grisi na kurudisha. Haina gharama. Difu ya mtumba wanaileta Ijumaa kutoka Arusha, na hela ni ile ya mbegu na mbolea ya msimu. Kaka hajauliza hata kama hesabu ya meno ya hiyo difu inalingana na ya mbele. Ikitofautiana, siku tutakapoweka fowili korongoni mbele na nyuma zitavutana mpaka kitu kikatike, na atakayeambiwa ameua gari ni mimi tena.

Sasa Mjomba, huyu fundi si mtu wa barabarani. Alikuwa rafiki wa mzee, na kaka anamwita baba mdogo. Mimi mwenyewe spana ya kwanza nilishikishwa na yeye. Nikisema mbele za watu kwamba alikosea kurudisha propela, nitakuwa nimemvunjia heshima mzee mzima, na kaka ataona nimemkomoa. Nikinyamaza, hela ya mbegu inakwenda na jina la kuua gari linabaki kwangu. Nimejaribu kumwambia kaka faraghani. Hakuniacha nimalize. Alisema, "Ulishapewa nafasi."

Nafasi gani? Miaka yote hiyo gari halijawahi kulala porini mikononi mwangu. Hata kama nina makosa mengine, ufunguo si kitu cha kumnyang'anya mdogo wako mbele ya mama wa chai. Angeniita nyumbani, ningempa mwenyewe.

Jana jioni shemeji kaniletea ufunguo wa akiba, kaufunga kwenye kona ya kanga. Kasema, "Nenda kalitengeneze kabla hawajafungua, hela ya mbegu ni ya watoto." Gari liko kwenye uwanja wa gereji na mlinzi ananifahamu. Naweza kuingia usiku nikamaliza kabla ya alfajiri. Lakini kaka akijua ufunguo umetoka kwa mkewe, sijui nyumba ile itakuwaje, na mimi sikutaka kuingia kati ya mtu na mke wake. Nimeuweka chini ya godoro na ndiyo maana silali.

Usidhani nataka kulirudia hilo gari. Silitaki tena, hata akinibembeleza. Kuna tajiri wa hapa Karatu ameshaniuliza kama naweza kuendesha lori lake. Ninachotaka ni kaka anirudishie ule ufunguo kwa mkono wake, pale pale alipouchukulia, ndiyo basi, nijue la kufanya.

Naomba unijibu kabla ya Ijumaa. Nimrudishie shemeji ufunguo wake, au niutumie? Je, kuna namna ya kumfikia fundi mwenyewe kwanza, peke yake, nikamwomba tu tulale wote wawili uvunguni aitazame ile alama ya mzee, bila kaka kuwapo? Na kama masikio yakishalingana mtetemo ukabaki kidogo, nianze na kuitafutia propela mahali pa kuisawazisha uzito (balansi), au nitazame zile springi za nyuma? Maana mwaka jana kaka aliongeza jani moja la springi kila upande ili gari libebe magunia zaidi, na tangu hapo nyuma limeinuka, huenda na pembe ya propela imebadilika.

Ni mimi, mdogo mtu,
Karatu