Versailles isifundishwe nusu

Mhariri,

Skuli zetu za Unguja na Pemba zisiishie kusema Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, uliionea Ujerumani. Wanafunzi waoneshwe ulivyofanya kazi. Kifungu cha 231 kiliibebesha Ujerumani dhamana ya hasara za vita. Mwaka 1921 deni likatajwa: marki za dhahabu bilioni 132. Ilipochelewesha makaa ya mawe na mbao, Januari 1923 Ufaransa na Ubelgiji zikaikalia Ruhr, eneo la viwanda la Ujerumani. Serikali ya Berlin ikachapisha noti kuwalipa wafanyakazi wa Ruhr waliogoma, thamani ya fedha ikaanguka na akiba za wanyonge zikayeyuka. Uchungu huo Hitler aliutumia.

Wakaguzi wa silaha waliowekwa na nchi zilizoshinda nao waliondoka 1927. Fedheha ikabaki, ulinzi haukuwepo!

Sisi, badala ya kumfedhehesha aliyeshindwa, mwaka 2010 tuliandika katika Katiba ya Zanzibar nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais kwa chama kilichoshika nafasi ya pili katika uchaguzi. Somo hilo lisomeshwe sambamba.

Msomaji,
Chake Chake, Pemba