Risala ya Kikundi cha Muziki kwa Mgeni wa Heshima, Kisumu

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu usikie koncheto, yaani utungo ambamo ala moja huongoza na nyingine huisindikiza, ya gita la umeme na wapigaji 12: fidla sita, viola mbili (fidla kubwa kidogo), chelo mbili, besi moja na klarineti moja.

Mtu akiona gita la umeme hudhani kazi yote ni kelele. Kinachomsumbua mtungaji ni nota kukatika. Gita likipigwa safi, nota huanza kufa pale pale, ilhali fidla huivuta mpaka upinde uishe. Ndiyo maana katika sehemu ya pili, ya polepole, gita linadonoa nota fupi na chelo inazishikilia. Ukiwasha distoshoni, yaani kifaa cha kukwaruza sauti, nota zinadumu, lakini do na mi zikigongwa pamoja zinageuka uji, kwa kuwa mkwaruzo huzaa nota nyingine ambazo hakuna aliyezipiga. Do na sol zinastahimili. Basi gita lina do na sol. Nota ya mi tumempa mpiga viola.

Ufunguo, yaani ngazi ya nota za wimbo, ni E maina. Nyuzi za gita zikiwa wazi, bila kubanwa kwa kidole, ni E, A, D, G, B, E. Za fidla ni G, D, A, E. Zote zimo katika ngazi hiyo. Ukishusha wimbo nusu hatua hadi E flati maina, fidla haibaki na uzi wazi hata mmoja wa kutegemea, na vidole vichanga huteleza.

Anayenakili nota naye awe macho: gita huandikwa oktava moja (kutoka do hadi do inayofuata) juu ya linavyosikika. Chelo ikipewa mstari huo bila kushushwa, yataachana.

Kadenza, pale gita linapopiga peke yake, haitakuwa ngeni kwako, Mheshimiwa. Kwenye benga mwimbaji hunyamaza, gita la solo likashika usukani. Ni pale pale. Yetu ina baa 24, na mwishoni gita linatetemesha F shapu. Hiyo ndiyo ishara ya kondakta kuinua mkono. Isipokuwepo, fidla huingia kila moja kwa saa yake.

Ombi la kwanza ni amplifaya ya wati 15 tu. Kubwa zaidi italazimika kupunguzwa sauti karibu yote, na sauti itakonda. Tutaiinamisha kwenye kiti kando ya mpigaji, iwatazame wa chelo, isiwapigie visogoni wa fidla.

La pili ni fundi wa stima akague soketi za ukumbi huu, hasa waya wa ardhini. Stima yetu ni ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na G ya chini ya besi ni hezi 49. Amplifaya ikivuma kwa hezi 50 hizo wakati besi inashikilia G hiyo, ukumbi mzima utasema mpiga besi amekosea, naye yuko sawa kabisa.

Ni sisi wanakikundi.