Picha za bonanza kwa akili unde

Wanakikundi, habari za jioni. Mnaoandaa mabango ya bonanza kwa programu ya akili unde inayochora picha kutokana na maelezo mnayoandika, anzeni na mchezaji mmoja. Mkiomba timu nzima, miguu inaweza kuchanganyikana, na mpira mmoja ukawa miwili, kwa sababu programu inakisia mwonekano tu, haihesabu viungo. Andikeni mkao, mavazi, mwanga na mahali: “kipa anaruka kushoto, glovu za njano, jua la asubuhi, uwanja wa vumbi.” Mkitaka Mlima Loleza wa Mbeya uonekane nyuma, msitegemee jina, elezeni mlima wenyewe: kijani, mwinuko mkali, ukungu juu. Badilisheni kitu kimoja kila jaribio, la sivyo hamtajua kilichosaidia.

Maandishi yaongezeni wenyewe baadaye, baadhi ya programu huharibu herufi. Kwa kuchapisha, picha yenye upana wa pikseli 1024 (vidoti vinavyounda picha), ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi, ina upana wa sentimita 8.7 tu, ukiivuta hadi karatasi ya A3 inapoteza makali.

Ninalolisisitiza sana: msitumie jina wala sura ya mchezaji halisi bila ridhaa yake, wala nembo ya klabu. Picha za watoto wetu wa mazoezini zisipakiwe kabisa. Kila kazi iandikwe chini, kwa herufi zinazosomeka: “Imetengenezwa kwa akili unde.”

Tumeni hapa kabla ya Ijumaa saa 12 jioni.