Dakika za Tabora zisipunguzwe

Mheshimiwa Mhariri,

Msomaji wako aliyelalamika kwamba treni ya bara inakaa mno Tabora ana haki ya kuchoka. Ametoka Dar es Salaam jana, watoto wanalia, na hapo mabehewa ndiyo kwanza yanaanza kukatwa: haya ya Kigoma, haya ya Mwanza. Lakini anapotaka kazi hiyo ifanywe chapuchapu, namwomba anisikilize. Kuunga mabehewa ndiyo kazi iliyonilea mpaka nikastaafu.

Kapla zetu, yaani vyuma vinavyounganisha mabehewa, hujifunga zenyewe. Zimekaa kama viganja viwili vilivyokunjwa: behewa likisukumwa taratibu, vinashikana, pini inaanguka. Abiria anasikia kishindo, anadhani tayari. Bado. Injini huvuta kidogo kuhakikisha pini imeshika. Kisha mtu anaingia kati ya mabehewa, mara nyingi usiku, taa mkononi, anaunga mipira ya upepo wa breki na kufungua koki za pande zote mbili. Hilo kapla haimfanyii.

Koki moja ikisahauliwa imefungwa, treni inaweza kuondoka vizuri tu, maana kapla imeshika. Ila mabehewa yaliyo nyuma ya koki hiyo hayatasikia breki ya dereva. Kwa hiyo lazima upepo ujae, dereva afunge breki, na mtu aliye behewa la mwisho azione kwa macho yake zikibana na kuachia. Jijini Paris, Juni 27, 1988, koki ya namna hiyo ilifungwa kimakosa njiani. Treni ikaingia stesheni ya Gare de Lyon ikiwa na breki za behewa la mbele tu, wakafa watu 56. Na sisi tuliozika ndugu 281 baada ya treni kurudi nyuma mlimani Igandu, mkoani Dodoma, Juni 24, 2002, tuharakishe kipimo cha breki kwa sababu ya robo saa?

Ninachounga mkono ni abiria waambiwe. Kipaza sauti kitaje kinachofanyika na muda uliobaki. Mtu akijua, anasubiri.

Na wanaokatiza katikati ya mabehewa kuwahi wauza asali upande wa pili, nawasihi waache. Mwungaji yuko humo ameinama, hakuoni, na dereva hawaoni ninyi nyote wawili.

Mstaafu wa reli,
Tabora