Mwanangu, injini usiiwashe ndani

Mwanangu,

Salamu kutoka Makambako. Mama yako hajambo, goti limepunguza kumsumbua, na baridi ya Julai ndiyo ile unayoijua. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ukishasema "sawa Mzee" mazungumzo yamekwisha, na hili nataka ulisome ukiwa umekaa.

Ile picha uliyoturushia, mama yako ameionyesha nusu ya mtaa. Ovaroli jipya, spana mkononi, kichwa cha Scania nyuma yenu. Mimi nilikuwa naangalia taa ya juu. Mwanga wake umeshuka kama nguzo, ndani yake kuna ukungu wa buluu, na milango ya gereji imefungwa. Nikajua mmewasha injini ndani. Sababu pia naijua: asubuhi ya Mbeya mwezi huu nani ataacha mlango wazi? Hata sisi tulifunga. Nimefunga milango hiyo miaka 31.

Unamkumbuka baba yako mdogo, yule fundi pampu aliyekuwa anakuletea andazi. Meza yake ya nozo ilikuwa kwenye kona, hatua nne kutoka kwenye shimo la kukagulia magari. Jioni alikuwa anapenga kamasi kwenye leso nyeupe, inatoka nyeusi kama wino, anaikunja na kuitia mfukoni. Alikuwa Mlokole, sigara hajawahi kuigusa. Alipoanza kukohoa walimtibu kifua kikuu, miezi ikapita, suruali zikawa zinamvuka. Mpaka anafika Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ikaonekana ni saratani ya mapafu na imeshasambaa. Daktari alimuuliza kazi anayofanya, akaandika, hakusema ni moshi. Mimi pia siwezi kuapa kwamba ni moshi, kwa sababu saratani ya mtu mmoja huwezi kuiuliza imetoka wapi. Baada ya msiba mkewe alinionyesha zile leso. Zilikuwa zimefuliwa na kufuliwa, weusi umekataa kutoka.

Tangu hapo nikaanza kuuliza na kusoma. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa injini za dizeli mwaka 2012 katika kundi la kwanza, pamoja na tumbaku na asbesto: vitu vyenye ushahidi wa kutosha kwamba vinamletea binadamu saratani. Mwaka uliofuata likaiweka humo hewa chafu ya nje yenyewe, hii ya barabarani na mijini. Sehemu kubwa ya ushahidi wa dizeli ilitoka kwa wachimbaji wa Marekani, zaidi ya 12,000 kutoka migodi 8 iliyokuwa ikitumia mashine za dizeli. Waliovuta moshi mwingi zaidi, kwa miaka mingi zaidi, ndio waliokufa zaidi kwa saratani ya mapafu. Gereji iliyofungwa milango, mwanangu, haina tofauti kubwa na chini ya mgodi.

Kwamba moshi mweusi ni dizeli isiyoungua vizuri, hilo umefundishwa. Usilofundishwa ni kwamba ule mweusi unaouona si ndio unaoingia ndani zaidi. Kuna chembe za masizi ambazo unywele wako ni mnene kuliko hizo mara 30 na zaidi. Pua haizikamati, koo halizikamati, zinashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu zikiwa zimebeba kemikali za mafuta. Mwaka 2023 watafiti wa London walitoa maelezo yaliyonikaa kichwani. Mapafu ya mtu mzima huwa na seli chache zenye kasoro ambazo zimelala tu, hazimdhuru mtu. Chembe zikiingia, mwili unapambana nazo, mapafu yanavimba kwa ndani, na hali hiyo ndiyo inayoziamsha seli hizo zigeuke saratani.

Kwa hiyo ukiniambia tena "mbona wewe Mzee ni mzima", jibu langu ni hilo. Mimi na baba yako mdogo tulivuta hewa moja. Zangu hazikuamka, au bado. Afya yangu usiitumie kama kinga yako.

Sikuambii uache kazi. Kazi hii imekusomesha wewe na dada zako, na mkono wako kwenye injini ni mzuri kuliko wangu, hilo nalisema bila kukupamba. Ila lori lisukumwe nje kabla ya kupigwa stata, hata kama tandiboi ananuna kwa baridi. Ukipiga resi usisimame nyuma. Kile kitambaa unachofunga usoni kinazuia vumbi la brashi tu, chembe hizi zinapita kama maji kwenye chekecheo. Na atakuja mteja na lori la kisasa atake umkatie kichujio cha masizi kwenye ekzosi, umchomelee bomba tupu ili gari "lipumue". Mkatalie. Pesa yake itaisha wiki hiyohiyo, lori litatema masizi kuanzia Tunduma mpaka Dar, na wa kwanza kuyavuta ni wewe uliyelala chini yake.

Pale ambapo lazima injini iwake ndani, moshi utoke kwa bomba. Kule Xuanwei, China, watu walikuwa wakiwasha makaa ya mawe ndani ya nyumba bila dohani, na wanawake wasiovuta sigara walikuwa wakifa kwa saratani ya mapafu kwa wingi wa kutisha. Walipoweka dohani, saratani ikapungua. Bomba tu, mwanangu, la kutoa moshi nje.

Basi la kesho asubuhi litakuletea mzigo, kondakta nimempa namba yako. Kuna bomba la mikunjo nililolifungua kwenye lori bovu hapa nyuma, na vipande vitatu vya bomba la bati nimevichongesha kwa fundi. Lile la mikunjo livike kwenye ekzosi, hilo halichomeki kwa joto, kisha unganisha vya bati mpaka ukutani. Mwambie bosi wako kwa adabu, mwambie gharama ni za baba yako. Tundu mlitoboe upande wa kiwanja cha magari mabovu. Upande wa pili anakaa yule mama anayewauzia uji, na nimeona kwenye picha ana mtoto mgongoni.

Baba yako.